Lewis Fry Richardson na Suala la Nadharia Bora katika Taaluma ya Uhusiano wa Kimataifa

Swali kuhusu sifa za nadharia bora ni miongoni mwa maswali makongwe katika taaluma ya uhusiano wa kimataifa, na halijapata jibu moja linalokubaliwa na wote. Baadhi ya wataalamu hushikilia kwamba nadharia bora ni ile inayoweza kubashiri matukio. Wengine hudai kwamba kubashiri ni jambo la ziada tu, na kwamba kazi hasa ya nadharia ni kueleza kwa nini mambo huwa yalivyo. Wapo pia wanaoamini kwamba mambo ya mataifa hayapimiki, na kwamba msomi hana budi kutegemea busara itokanayo na historia, falsafa na sheria. Mjadala huu huelezwa zaidi kwa kupitia majina ya Hans Morgenthau, Kenneth Waltz na Hedley Bull. Jina la Lewis Fry Richardson hutajwa kwa nadra yakilinganishwa na hayo, ingawa yeye alikuwa ameanza kulishughulikia swali hilo mwaka 1919, akiwa hajasomea siasa na wala hana cheo chochote katika taaluma hiyo, ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa.

Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba, 1881 katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba, na baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Familia hiyo ilikuwa ya Jumuiya ya Marafiki, yaani Waquaker, dhehebu ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hulifahamu kutokana na misheni ya Kaimosi iliyoanzishwa magharibi mwa Kenya mwaka 1902. Waquaker wanakataa vita kwa misingi ya imani, na Richardson hakuliacha fundisho hilo maisha yake yote. Alisoma katika shule ya Bootham mjini York, kisha katika chuo cha sayansi cha Newcastle, na hatimaye King's College, Cambridge, ambako alihitimu mwaka 1903.

Miaka kumi iliyofuata aliipitisha katika kazi mbalimbali zisizo na mpangilio unaoeleweka kwa urahisi: maabara ya taifa ya fizikia, viwanda, na ualimu. Mwaka 1909 alimwoa Dorothy Garnett. Jambo moja tu la kipindi hicho linahitaji kuzingatiwa hapa. Akiwa katika kampuni iliyoshughulika na ardhi ya mboji, alitakiwa kukadiria namna maji yatakavyopita ardhini ili mifereji ichimbwe panapofaa. Milinganyo iliyohusika haikuweza kukokotolewa kwa njia zilizozoeleka. Badala ya kutafuta jibu kamili lisilopatikana, Richardson aliyagawa mabadiliko yasiyokatika katika hatua ndogondogo zinazohesabika, akaridhika na jibu la kukadiria ambalo kiasi cha kosa lake kinajulikana. Njia hiyo aliichapisha mwaka 1910 kwa mfano wa mkazo ndani ya kuta za bwawa la mawe. Mtazamo uliomo humo ndio ulioongoza kazi zake zote za baadaye: kwake, nadharia ambayo haiwezi kufikishwa kwenye tarakimu ilikuwa bado haijakamilika.

Mwaka 1913 aliajiriwa na Ofisi ya Hali ya Hewa kuwa msimamizi wa kituo cha Eskdalemuir kusini mwa Uskoti. Huko alianza kuandika kitabu cha kubashiri hali ya hewa kwa kutumia kanuni za fizikia peke yake, bila kutegemea uzoefu wa macho. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, dhamiri yake ilimkataza kubeba silaha, lakini pia ilimkataza kukaa mbali na mateso ya wenzake. Mwaka 1916 aliacha kazi, akajiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Waquaker kilichohudumia jeshi la Ufaransa, akawa dereva wa kuwabeba majeruhi hadi vita vilipokwisha.

Katika mazingira hayo alifanya jaribio ambalo historia ya sayansi inalikumbuka kwa kushindwa kwake. Alichukua vipimo vya anga ya Ulaya vya asubuhi ya tarehe 20 Mei, 1910, akakokotoa kwa mkono mabadiliko ya saa sita zilizofuata. Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Jibu lilikuwa kwamba kanieneo ya hewa ingepanda kwa milibari 145, ilhali siku ile kwa kweli haikubadilika sana. Muswada wenyewe ulipotea wakati wa mapigano ya Champagne mwaka 1917, ukaja kuonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Kitabu kilipotoka mwaka 1922, Richardson hakulificha kosa lile. Aliliweka wazi pamoja na hatua zote za hesabu, ili yeyote atakaye aweze kulitafuta chanzo chake. Watafiti wa baadaye walibaini kwamba mbinu yake ilikuwa sahihi, na kwamba dosari ilikuwa katika vipimo vya mwanzo, ambavyo havikuwa vimesawazishwa. Mwaka 1950, kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilipotumika kwa mara ya kwanza kubashiri hali ya hewa, waliofanya kazi hiyo walimpelekea matokeo, naye akawapongeza.

Kisa hiki cha hali ya hewa kinaweza kuonekana kuwa mbali na mada ya uhusiano wa kimataifa, lakini ndicho kinachoonyesha kigezo cha kwanza cha Richardson. Nadharia iliyokosea kwa milibari 145 inaweza kusahihishwa. Nadharia isemayo kwamba hewa huenda ikabadilika haiwezi kukosea kamwe, na kwa sababu hiyohiyo haimfundishi mtu kitu. Sehemu kubwa ya maandishi ya siasa ya zama zake ilikuwa ya aina hii ya pili.

Alikuwa bado na kikosi chake alipoanza kuandika juu ya vita vyenyewe. Matokeo yalikuwa kijitabu kuhusu saikolojia ya vita kwa njia ya hisabati, alichokichapisha kwa gharama zake mwaka 1919 na kukitunuku kwa wenzake wa magari ya wagonjwa. Hakikusomwa na watu wengi. Mwaka 1920 Ofisi ya Hali ya Hewa iliwekwa chini ya wizara iliyosimamia jeshi la anga, naye akajiuzulu mara moja. Alifundisha fizikia katika chuo cha ualimu cha Westminster hadi 1929, kisha akawa mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Paisley huko Uskoti. Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society kwa sababu ya utafiti wake wa msukosuko wa hewa. Hata hivyo, ilipodhihirika kwamba waliovutiwa zaidi na utafiti huo walikuwa wataalamu wa gesi za sumu, aliuacha, na kazi ambazo zilikuwa hazijachapishwa akaziharibu. Alikuwa amekwisha kurudi darasani kama mwanafunzi wa saikolojia, akapata shahada ya pili ya kwanza katika somo hilo akiwa na umri wa karibu miaka hamsini.

Mashindano ya silaha yaliporudi Ulaya, Richardson alilirudia somo la 1919. Mwaka 1935 alipeleka barua mbili katika jarida la Nature, na mwaka 1939 akachapisha tasnifu ndefu juu ya siasa za nje. Kielelezo chake ni chepesi kiasi cha kumshangaza msomaji. Tuseme kuna mataifa mawili yanayohofiana. Kasi ambayo taifa la kwanza huongeza silaha inategemea mambo matatu: kiasi cha silaha alizonazo mpinzani, ambacho huisukuma juu, gharama na uchovu wa silaha ambazo taifa lenyewe linazo tayari, ambavyo huivuta chini, na malalamiko ya kudumu dhidi ya mpinzani, ambayo hubaki hata kama pasingekuwa na bunduki hata moja. Taifa la pili nalo lina mlinganyo wake wa namna hiyo. Mlinganyo huu wa pili ukiunganishwa na ule wa kwanza hupatikana hitimisho ambalo maneno matupu yasingeweza kulitoa: endapo zao la nguvu mbili za woga ni kubwa kuliko zao la nguvu mbili za uchovu, hakuna kituo cha kupumzikia, na mashindano yataongezeka bila kikomo hata kama hakuna upande unaotaka vita. Endapo uchovu ndio mkubwa, pande zote mbili zitafikia kiwango fulani na kutulia hapo.

Aliupima mlinganyo huu kwa bajeti za kijeshi za miaka ya 1909 hadi 1913, Ufaransa na Urusi zikiwa upande mmoja, Ujerumani na Austria-Hungaria upande wa pili. Nadharia ilidai kwamba nyongeza ya kila mwaka ya matumizi ya pande zote mbili ingepanda sambamba na jumla ya matumizi hayo. Nukta alizozichora ziliangukia karibu kabisa juu ya mstari mnyoofu. Wahakiki wamesema, na wana haki, kwamba nukta nne ni chache mno kuthibitisha jambo lolote. Wameongeza kwamba mataifa katika kielelezo hiki ni kama watu wawili wasio na mabunge, vyama wala majenerali wanaogombania fedha, na kwamba mashindano ya Marekani na Urusi ya Kisovieti baada ya 1945 hayakufuata mstari huo kwa utiifu uleule. Hoja hizi zote ni nzito. Lakini inafaa kutambua kwamba zimewezekana kwa sababu Richardson alisema hasa alichokusudia: alitaja vigeu vyake, akavipa vipimo, akaonyesha ni matokeo gani yangemkanusha. Dhana ya masilahi ya taifa yanayoelezwa kwa kigezo cha mamlaka, ambayo Morgenthau aliijenga katika kitabu chake cha 1948, imewaongoza wanadiplomasia wengi kuliko milinganyo hii. Ni vigumu zaidi, hata hivyo, kusema ni tukio gani lingeweza kuikanusha.

Richardson mwenyewe hakuwa mtumwa wa milinganyo yake. Alifafanua kwamba inaeleza mambo yatakavyokwenda endapo watu watafuata silika na mazoea yao bila kusimama na kufikiri. Kwa hiyo ubashiri wake haukuwa ramli. Ulikuwa onyo lenye sharti, na sharti hilo lingeweza kuvunjwa na viongozi wenyewe. Wanaomlaumu kwa kuwageuza wanadamu kuwa mashine huwa wameipita sehemu hii bila kuisoma.

Mwaka 1940 alistaafu kabla ya wakati ili ashughulikie utafiti wa vita peke yake, akahamia baadaye katika kijiji cha Kilmun kwenye pwani ya magharibi ya Uskoti. Huko alianza kazi ya pili, tofauti kabisa na ile ya kwanza. Badala ya kujenga kielelezo, alikusanya orodha ya mapigano yote yaliyoua watu duniani tangu mwaka 1820. Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha istilahi, na namna alivyokivuka inastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Neno vita limebeba hukumu ndani yake. Kile ambacho watawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki walikiita uasi, vitabu vya historia vya Tanzania hukiita Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mtafiti anayehesabu vita hulazimika kuamua kwanza ni lugha ya nani anayoitumia. Richardson aliliepa neno hilo, akachagua istilahi pana ya ugomvi wa mauti, inayojumuisha kila tukio ambalo watu wameuawa kwa kukusudia, kuanzia mauaji ya mtu mmoja hadi vita vya dunia. Kisha aliupanga ugomvi huo kwa idadi ya waliokufa, akitumia logarithimu: tukio lililoua watu 1,000 lina ukubwa wa 3, lililoua milioni moja lina ukubwa wa 6, na vita viwili vya dunia vikawa na ukubwa unaozidi 7. Hakuna mshindi, hakuna mwasi, hakuna mwenye haki katika kipimo hicho.

Matokeo yake yalikuwa machache kuliko juhudi aliyoitumia, na hilo nalo alilisema bila kusita. Katika makala ya mwaka 1944 alichunguza orodha ya Quincy Wright ya vita 299 vilivyoanza kati ya 1500 na 1931. Katika miaka hiyo 432, miaka 223 haikuanza vita hata kimoja, 142 ilianza kimoja, 48 viwili, 15 vitatu, na 4 ilianza zaidi ya vitatu. Mpangilio huu unalingana kwa karibu sana na kanuni ya Poisson, ile inayotumika kwa matukio ya nadra yasiyotegemeana, kama ajali. Imani kwamba vita hurudi kwa mizunguko haikupata nguvu katika hesabu hizo. Wako wasomaji waliolielewa jambo hili vibaya, wakadhani Richardson anadai kwamba vita havina sababu. Kila tone la mvua lina sababu yake ya kuangukia bati fulani. Kinachokosekana ni ratiba ya matone.

Alijaribu pia sababu zilizotajwa mara kwa mara: umaskini, dini, mashindano ya silaha, mipaka. Nyingi hazikuonyesha uzito uliodhaniwa. Mipaka ilionyesha: mataifa yenye majirani wengi yalipigana mara nyingi zaidi, na katika vita 94 vya mataifa mawili tu, ni 12 tu ambavyo pande zake hazikupakana.

Kuhusu lugha, Richardson alilichukua dai lililokuwa likienezwa tangu L. L. Zamenhof alipochapisha lugha yake ya Esperanto mwaka 1887, kwamba watu wakielewana kwa lugha moja watapatana. Alikadiria ni mapigano mangapi yangetokea baina ya watu wa lugha moja kama lugha isingekuwa na athari yoyote, akalinganisha na yaliyotokea. Dai hilo halikuthibitika. Wasemaji wa Kichina walipigana wao kwa wao mara chache kuliko ilivyotarajiwa, wasemaji wa Kihispania mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kwa ujumla lugha ya pamoja haikuwa kinga. Matokeo haya yanaigusa moja kwa moja hoja inayopendwa na wataalamu wa Kiswahili, kwamba lugha moja ndiyo iliyoiletea Tanzania amani na umoja. Rwanda, ambako karibu kila raia huzungumza Kinyarwanda, haikuokolewa na lugha mwaka 1994. Haina maana kwamba Kiswahili hakikuchangia. Orodha ya Richardson ilihusu dunia nzima, na haiwezi kueleza kisa cha nchi moja. Ina maana kwamba mwenye kudai mchango huo anawajibika kueleza ni kwa njia gani lugha ilifanya kazi hiyo hapa na kushindwa kwingineko. Bila maelezo hayo, kinachobaki ni fahari, na fahari haipaswi kuvalishwa joho la nadharia.

Richardson alifariki dunia tarehe 30 Septemba, 1953. Hakuna mchapishaji aliyekuwa amekubali vitabu vyake viwili vikubwa. Alikuwa ameviweka kwenye maikrofilamu na kuviuza mwenyewe kwa waliotaka. Muda mfupi baadaye mwanawe Stephen alizipeleka filamu hizo Stanford, California, ambako Kenneth Boulding na Anatol Rapoport walizisoma kwa mshangao. Kundi hilo ndilo lililokuwa nyuma ya jarida la utatuzi wa migogoro lililoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1957. Vitabu vyenyewe vilitoka mwaka 1960, kimoja juu ya silaha na wasiwasi, kingine juu ya takwimu za ugomvi wa mauti. Mradi mkubwa wa takwimu za vita ulioanzishwa na J. David Singer huko Michigan mwaka 1963 ulifuata nyayo hizo.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1966 Bull alishambulia kwa ukali wale waliotaka kila dai lipitie katika mlango wa upimaji, akitetea uamuzi wa busara. Mwaka 1979 Waltz alikuja na hoja nyingine: kwamba kukusanya uhusiano wa kitakwimu, hata uwe mwingi kiasi gani, hakuzai nadharia, kwa kuwa kanuni hugunduliwa katika data lakini nadharia hubuniwa ili kuzieleza kanuni hizo. Kwa kipimo hiki cha Waltz, ile orodha ya Kilmun si nadharia, na milinganyo ya mashindano ya silaha ni nadharia, tena iliyo kamili. Richardson asingekuwa na sababu ya kubishana. Aliziweka kazi hizo mbili katika vitabu viwili tofauti, na hakudai kamwe kwamba hesabu ya wafu inaeleza kwa nini walikufa. Hoja ya Bull ni ngumu zaidi kuijibu, kwani kuchagua kipi kihesabiwe ni uamuzi wa busara, na Richardson alifanya uamuzi huo katika kila ukurasa. Tofauti ni kwamba aliuandika.

Katika karatasi alizoziacha mlikuwamo pia sura kuhusu mipaka, iliyochapishwa mwaka 1961. Akitaka kujua kama urefu wa mpaka unahusiana na uwezekano wa vita, alikuta kwamba vyanzo rasmi havikubaliani: mpaka wa Hispania na Ureno ulitajwa kuwa na kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 mahali pengine, ule wa Uholanzi na Ubelgiji, 380 na 449. Aligundua kwamba urefu hutegemea fimbo ya kupimia, na kwamba fimbo ikifupishwa mpaka hurefuka. Benoit Mandelbrot, ambaye utafiti wake wa awali ulihusu mtawanyo wa maneno katika lugha, aliikuta sura hiyo na kuitumia mwaka 1967 katika makala yake kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza, na hapo ndipo wanahisabati wengi walipoanza kumsoma Richardson.